Bahili Aliyehamia Kwenye Televisheni

Leo tuanze na tangazo la televisheni. Ni tangazo la kubuni, limo ndani ya filamu, na kazi yake ni kuwaita watu watazame mchezo wa Krismasi utakaorushwa moja kwa moja usiku wa mkesha. Ungetegemea kengele, mshumaa, watoto wakiimba. Wapi! Kinachoonekana ni mtu anayejidunga dawa za kulevya, watu wanaofyatuliana risasi barabarani, ndege inayolipuka, wingu la bomu la nyuklia. Kisha sauti nzito inawaonya watazamaji kwamba wasipoutazama mchezo huo, huenda wakahatarisha maisha yao. Baadaye habari zinafika ofisini kwamba bibi kizee mmoja aliliona tangazo lile, akashtuka, akafa. Bosi wa kituo anaposikia, uso unamng'aa. Kifo kile kimeandikwa gazetini, na nafasi hiyo ya gazeti hakuilipia hata senti moja.

Bosi huyo anaitwa Frank Cross, na aliyemwigiza ni Bill Murray. Filamu yenyewe ni Scrooged. Iliongozwa na Richard Donner, na kampuni ya Paramount ikaipeleka kwenye majumba ya sinema ya Marekani tarehe 23 Novemba 1988. Ni vichekesho, ila vichekesho vya kumfanya mtu acheke kisha ageuke kuona kama yuko mwingine anayecheka. Msingi wake ni hadithi ya zamani, A Christmas Carol ya Mwingereza Charles Dickens: habari za Ebenezer Scrooge, mkono wa birika wa London, anayejiwa usiku na mzuka wa mshirika wake wa biashara aliyekwisha kufa, kisha na wengine watatu wanaomwonyesha yaliyopita, yaliyopo na yajayo, hata asubuhi akaamka ni mtu mwingine. Wengi mnaijua, hata ambao hamjawahi kukishika kitabu chenyewe.

Ninachotaka kukisema leo ni hiki. Scrooge wa Dickens aliichukia Krismasi kwa sababu ilimtia hasara: siku nzima ya mshahara kwa karani asiyefanya kazi. Huyu wa 1988 haichukii hata kidogo. Anaiuza. Na hapo ndipo filamu hii, pamoja na makelele yake yote, ilipogusa jambo ambalo matoleo mengi yenye heshima zao hayakuligusa.

Twende kwanza London ya 1843. Dickens ana miaka 31, jina lake linavuma, lakini mfukoni hali si nzuri. Riwaya anayoitoa kwa mafungu, Martin Chuzzlewit, hainunuliwi kama zile zilizoitangulia, na mkewe ana mimba ya mtoto wa tano. Mwaka huo imetoka ripoti ya serikali kuhusu watoto wanaofanyishwa kazi viwandani, na yeye mwenyewe amekwenda kuitazama shule ya watoto fukara mjini humo, akatoka na uchungu. Mambo hayo hakuwa mgeni nayo. Mwaka 1824 baba yake alifungwa katika gereza la wadeni la Marshalsea, na Charles, mtoto wa miaka 12, akapelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha dawa ya viatu kando ya mto Thames. Kutwa alifunika vichupa na kubandika lebo, kwa shilingi 6 hivi kwa wiki. Siri hiyo aliificha karibu maisha yake yote.

Kitabu alikiandika kwa muda wa wiki 6 hivi, kikatoka tarehe 19 Desemba 1843. Nakala 6,000 za kwanza zilikuwa zimekwisha kufikia mkesha wa Krismasi. Dickens alitaka kiwe kitu cha kupendeza: jalada lenye nakshi za dhahabu, picha za John Leech, nyingine zimetiwa rangi, na bei akaipanga shilingi 5. Sasa nenda ndani ya kitabu hichohicho umwangalie karani wa Scrooge, Bob Cratchit, mwenye nyumba iliyojaa watoto na mmoja wao, Tiny Tim, mgonjwa wa kutembelea gongo. Analipwa shilingi 15 kwa wiki. Hadithi iliyoandikwa kumtetea Cratchit ingemmalizia Cratchit theluthi ya mshahara wa wiki kuinunua! Wala mwandishi hakutajirika nayo, maana gharama za uchapaji zilimeza faida. Januari 1844 wachapishaji wezi wakatoa toleo lao. Dickens akawashtaki, akashinda, wao wakatangaza kufilisika, akabaki kulipa gharama za kesi mwenyewe, pauni 700 hivi. Na kufikia mwisho wa Februari, London peke yake ilikuwa imeshaona michezo minane ya jukwaani iliyotolewa katika hadithi hiyo.

Kwa hiyo tusije tukadhani kwamba palikuwa na zama ambazo hadithi hii ilikaa safi, mbali na mikono ya wafanyabiashara, mpaka Wamarekani walipokuja kuichafua. Huruma na biashara viliizaa pamoja.

Filamu zilianza mapema. Ya zamani zaidi iliyosalia ni ya 1901, ya Mwingereza R. W. Paul, dakika chache tu bila sauti. Lakini kule Marekani, aliyemfanya Scrooge awe kama mtu wa nyumbani, na hapa mniruhusu, mimi mtu wa redio, nijivune kidogo, ni redio. Kuanzia Krismasi ya 1934 mwigizaji Lionel Barrymore alimwigiza redioni karibu kila mwaka, mpaka miaka ya mwanzo ya 1950. Desemba 1938 hakuwepo, na nafasi yake ikashikwa na kijana wa miaka 23, Orson Welles, ambaye wiki chache kabla, tarehe 30 Oktoba, alikuwa amewatia watu kiwewe kwa mchezo wa redio kuhusu uvamizi kutoka sayari ya Mars. Mwenzake aliyeanzisha naye kundi la Mercury, lililoandaa mchezo ule, aliitwa John Houseman.

Jina hilo tulishike. Katika Scrooged, ule mchezo wa mkesha, ambao ni hadithi hiihii ya Dickens, unaporushwa, yuko mzee mwenye sauti ya kutulia anayesoma masimulizi mbele ya kamera. Ni Houseman huyohuyo, amewekwa pale kwa jina lake mwenyewe. Kando yake mambo yanaharibika: wacheza dansi waliovaa nusu uchi wanazagaa jukwaani, na anayemwigiza Tiny Tim ni Mary Lou Retton, mwanasarakasi aliyepata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984, ambaye anayatupa magongo na kupiga samasoti. Houseman hakuwahi kuona watu wakiicheka kazi hiyo. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1988, filamu haijatoka bado, miaka 50 na siku 1 baada ya usiku ule wa wavamizi wa Mars.

Sasa swali: kwa nini bahili huyu apelekwe televisheni, asiwekwe benki au kwenye soko la hisa? Mtu aliyeishi Marekani miaka ile hakuhitaji kuelezwa. Vituo vikubwa vya taifa vilikuwa vitatu, ABC, CBS na NBC, na kati ya 1985 na 1986 vyote vitatu viliangukia mikono mipya. ABC ilinunuliwa na Capital Cities kwa dola bilioni 3.5. General Electric, kampuni ya balbu na injini za ndege, iliinunua RCA pamoja na NBC yake kwa zaidi ya dola bilioni 6. CBS ikawa chini ya tajiri Laurence Tisch. Wenye mali wapya walikuja na vikokotoo mkononi. Machi 1987 CBS iliwaondoa kazini watu zaidi ya 200 katika idara yake ya habari pekee. Oktoba mwaka huohuo soko la hisa la New York likaporomoka kwa zaidi ya asilimia 22 kwa siku moja, huku chini ya maghorofa hayohayo watu wasio na makazi wakilala vibarazani.

Kituo cha Frank Cross, IBC, ni cha kubuni, lakini kila anayefanya kazi ya utangazaji atakitambua. Mwenye kampuni, mzee Rhinelander, aliyeigizwa na Robert Mitchum, anamwita Frank kumweleza utafiti: paka na mbwa nao wameanza kutazama televisheni, basi ingefaa vipindi viwe na panya panya kidogo, kuwavuta. Frank, simba wa ofisi nzima, anaitikia kama mtoto wa shule. Nimekaa kwenye mikutano ya kupanga vipindi, na naapa yapo mawazo niliyoyasikia ambayo hayakuwa mbali sana na hilo la paka.

Kisha tazama zawadi. Katibu wake Grace, ambaye ndiye Cratchit wa filamu hii, mama mjane mwenye watoto wengi katika nyumba ndogo, anasoma majina ya watu wa kupelekewa zawadi za Krismasi. Frank hajisumbui kumfikiria yeyote. Ana vitu viwili tu: deki ya video kwa mtu wa faida, taulo kwa wengine. Hata ndugu yake wa baba na mama, James, anaagiza apewe taulo. Na afisa mpole, Eliot Loudermilk, anapothubutu kusema kwamba lile tangazo litawatisha watu, anafukuzwa palepale, Krismasi ikiwa mlangoni, na walinzi wanamtoa nje. Scrooge wa kitabuni alikuwa mkali, lakini Cratchit hakumfukuza.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mzuka wa yaliyopita anakuja na teksi. Ni dereva mchafu, mcheshi, meno yameoza. Aliyemwigiza ni David Johansen, mwimbaji wa lile kundi la New York Dolls. Mita ya teksi yake haihesabu fedha, inahesabu miaka ikirudi nyuma, mpaka inasimama kwenye 1955. Wanaingia ndani ya nyumba. Frank, mtoto mdogo wa miaka 4, amekaa mbele ya televisheni. Baba anaingia, ni muuza nyama, bado yuko na nguo za kazi, mkononi ana kifurushi. Ni zawadi ya Krismasi. Mtoto anaifungua: nyama ya ndama. Anasema alikuwa amemwomba Santa treni ya kuchezea. Baba anamjibu kwamba akiitaka treni atafute kazi akainunue.

Watu sinemani walicheka, na inachekesha kweli. Lakini tazama anayemwigiza baba: ni Brian Doyle-Murray, kaka yake Bill Murray. Ndugu watatu wa Bill wamo katika filamu hii, akiwemo John, ambaye ndiye James wa taulo. Walizaliwa tisa kwao, mji wa Wilmette karibu na Chicago, na baba yao alikuwa muuza mbao aliyefariki Bill akiwa na miaka 17. Sisemi kwamba yule baba wa nyama ni baba yao. Nasema tu kwamba Bill Murray anapomtazama mwanamume yule kwenye tukio hilo, uso wake unaacha mzaha kwa sekunde chache, na sekunde hizo zina uzito kuliko nusu saa ya kelele zinazofuata.

Frank anabisha. Anadai utoto wake ulikuwa na raha zake, na anaanza kusimulia kumbukumbu moja tamu ya nyumbani. Dereva anamkatiza: hayo hayakukupata wewe, hayo uliyaona kwenye Little House on the Prairie. Mtu mzima, mwenye ofisi ya ghorofa ya juu, kumbukumbu za utotoni alizonazo ni za familia ya kwenye televisheni.

Dickens naye alikuwa na tukio la namna hii. Scrooge anarudishwa shuleni alikosoma, anajiona mtoto mpweke aliyeachwa peke yake wakati wa likizo, akisoma vitabu, na dirishani anapita Ali Baba. Ndiyo, Ali Baba yuleyule wa Alfu Lela Ulela! Mzee bahili anapomwona anaruka kwa furaha, analitaja jina lake kama anamwona rafiki. Basi wote wawili, Scrooge na Frank, walilelewa na hadithi kwa sababu watu hawakuwepo. Tofauti ni kwamba hadithi za Scrooge zilimpa machozi alipozikumbuka, na machozi hayo ndiyo yaliyoanza kumlainisha. Hadithi za Frank zimemfunza biashara. Aliyemlea ni televisheni, naye amekua akawa mkuu wa televisheni.

Mizuka wawili waliobaki nitawapitia haraka. Wa sasa ni Carol Kane, amevaa kama kimalaika cha kike chenye mabawa, sauti nyembamba, ngumi nzito. Anampiga Frank mateke na makofi, na mara moja anamtwanga na mashine ya kuchoma mkate. Katika upigaji wa picha alimvuta Murray mdomo kwa nguvu hata akamjeruhi, kazi ikasimama siku kadhaa. Huyu ndiye anayempeleka Frank chini ya ardhi, kwenye maji machafu, ambako anamkuta mzee Herman, asiye na makazi, ameganda kwa baridi. Kabla ya hapo mzee huyo alikuwa amemwomba msaada. Murray anamgombeza yule maiti, kwa nini hakukaa pale kwa Claire, mpenzi wa zamani wa Frank anayewahudumia wasio na makazi, apate joto. Ni tukio baya, kwa maana ya kuumiza, na ndilo lililo karibu zaidi na hasira ya Dickens. Wa yajayo ni joho refu lenye skrini ya televisheni mahali pa uso, na safari yake inaishia kwenye tanuri la kuchomea maiti, ambapo waliokuja kumuaga Frank ni ndugu yake James na mkewe tu.

Kuhusu waliotengeneza, yako mengi. Murray alikuwa amekaa pembeni miaka 4. Baada ya Ghostbusters ya 1984 kumpa umaarufu wa dunia nzima, na filamu aliyoipenda mwenyewe, The Razor's Edge, kuanguka mwaka huohuo, alihamia Paris akasoma chuo cha Sorbonne. Scrooged ndiyo iliyomrudisha kama nyota. Waandishi walikuwa Mitch Glazer na Michael O'Donoghue, huyu wa pili akiwa kiongozi wa kwanza wa waandishi wa Saturday Night Live tangu 1975, mtu wa kejeli kali isiyo na adabu. Donner alikuwa mwongozaji wa mambo makubwa, Superman na Lethal Weapon. Ukiwaweka hao jiko moja, mchuzi lazima uungue upande mmoja. Murray alilalamika baadaye kwamba mwongozaji alikuwa akimtaka kila mara aseme kwa sauti zaidi, na zaidi tena. Ukiitazama filamu utamwamini.

Mwisho wake ndio ulioleta ubishi, na ubishi huo haujesha. Frank anavamia mchezo wake mwenyewe ukiwa hewani, anasimama mbele ya kamera na kuhutubia taifa juu ya upendo na kutoa, huku Loudermilk, yule aliyefukuzwa na sasa amerudishwa kazini, akiwashikia bunduki mafundi wasiyakate matangazo. Murray aliiacha miswada, akaongea ya kwake, jasho likimtoka, sauti ikipanda. Mtoto wa Grace, Calvin, ambaye hajatamka neno tangu amwone baba yake akiuawa, anafungua kinywa. Wote wanaimba.

Mimi huwa nalia kwa Calvin, halafu najiuliza maswali. Scrooge alipoamka, alimtuma mvulana wa mtaani akanunue bata mzinga mkubwa apelekwe kwa Cratchit, na akataka asijulikane aliyempeleka. Baadaye akampandisha karani mshahara, ofisini, hakuna shahidi. Frank anatubu mbele ya kamera, kwenye kipindi alichokitangaza mwenyewe, usiku wenye watazamaji wengi kuliko wote. Rhinelander angekuwa na akili angeyauza matangazo ya biashara katikati ya toba hiyo. Kwa hukumu yangu, hapo filamu imenaswa na kilekile ilichokuwa inakisema vibaya: inaamini kwamba jambo lisiporushwa hewani halijatokea.

Wahakiki wa wakati ule wengi hawakuipenda. Roger Ebert wa Chicago aliipa nyota moja tu kati ya nne. Watu hata hivyo walikwenda, na majumba ya sinema ya Amerika ya Kaskazini yakaingiza zaidi ya dola milioni 60, dhidi ya gharama ya milioni 32 hivi. Sura ya mzuka wa kwanza kabisa kumjia Frank, bosi wake wa zamani aliyekwisha kufa, mwenye mavazi ya gofu na panya kichwani, ilisaidia kuipatia filamu uteuzi wa Oscar kwa upambaji wa waigizaji. Tuzo ikaenda kwa Beetlejuice. Mwezi mmoja baada ya Scrooged kutoka, BBC nayo ilirusha Blackadder's Christmas Carol, iliyoigeuza hadithi miguu juu: mtu mwema anatembelewa na mzuka, anaamka mbaya. Inaonekana 1988 haukuwa mwaka wa watu kuiamini Krismasi kirahisi. Na leo, kila Desemba, vituo vya televisheni vya Marekani huirudia Scrooged, na matangazo ya biashara katikati yake.

Sasa ukitaka kuitazama, ushauri wangu ni huu. Usianze nayo. Anza na Scrooge ya Waingereza ya 1951, ambamo Alastair Sim anaigiza hofu ya mzee kwa macho tu. Watoto wawekee The Muppet Christmas Carol ya 1992, Michael Caine akiwa kati ya vikaragosi, na akiigiza kana kwamba vikaragosi hao ni watu. Scrooged iweke usiku, watoto wakishalala. Na kabla ya zote tatu, kisome kitabu. Kina sura tano tu, jioni moja unakimaliza, na hakimiliki yake ilikwisha zamani, hivyo kinapatikana bure kwenye intaneti.